Dhoruba ya siku mbili Atlantiki, mimi nikiwa dobi chini kabisa ya meli (uzi mrefu kidogo)

#1 Dobi Mstaafu

Wakuu, salaam.

Jana nilikuwa Mwanjelwa nasubiri fundi amalize kiatu changu. Pembeni vijana wawili wanabishana juu ya video ya meli inayopigwa na mawimbi. Mmoja anasema ile ni kompyuta tu, meli ya ghorofa kumi na tano haiwezi kuyumba kama mtumbwi. Nikanyamaza. Mzee aliyevaa kiatu mguu mmoja akianza kuwaambia watu kwamba amewahi kuvuka Atlantiki, wataulizana amekunywa wapi asubuhi yote ile. Nikaona nije huku kwenu mnakoamini kila kitu.

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, kule ambako mvua ikikatika siku tatu watu wanaanza kuulizana kuna nini. Maji niliyoyajua ni yale yanayotoka juu. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 26, pale Kivukoni Dar, na niseme ukweli nilisikitika kidogo, nilidhani ina kelele zaidi. Kwa njia ndefu ambayo si ya leo nikaishia kuwa dobi kwenye meli kubwa ya abiria. Jina la meli na la kampuni sitaji, msinisumbue. Nimefua mashuka ya watu miaka tisa, sasa nipo Uyole na ng'ombe wangu wawili.

Dobi wa meli anakaa wapi? Chini. Abiria akiingia melini anapanda, sisi tunashuka. Chumba chetu cha kufulia kilikuwa chini ya mstari wa maji. Hakuna dirisha, mchana na usiku ni taa zile zile, joto la mashine za kukaushia linakutoa jasho mpaka kwenye soksi. Ila ukiweka kiganja kwenye ukuta wa pembeni unakuta ubaridi. Nyuma ya chuma kile kuna tangi, na nyuma ya tangi ni bahari.

Ilikuwa Novemba. Meli nyingi za abiria zinazofanya kazi Ulaya majira ya joto huhama mwishoni mwa mwaka kufuata jua la Karibi, kwa hiyo zinaivuka Atlantiki wakati ule ule yenyewe inapoanza kuchafuka. Tulitoka Southampton Jumamosi jioni. Asubuhi ya siku ya tatu bosi wetu wa dobi, Mfilipino mtu mzima aliyeanza kazi za baharini kabla mimi sijamaliza darasa la saba, akaenda kusoma karatasi iliyobandikwa koridoni. Akarudi, akachukua kamba, akaanza kufunga ndoo. Hakusema neno. Ndoo moja moja, mpaka zikaisha.

Nakwenda kukamua, nitaendelea jioni.

#2 Mnyalu wa Kihesa

Kamwene mzee. Nachukua kigoda na kidumu changu cha ulanzi, naweka kambi hapa.

#3 Kiazi Mviringo

Uzi bila picha batili.

#4 Mvua ya Tukuyu

Ugonile tata. Ile ya mvua ni kweli tupu, huku leo siku ya tano sijaona kivuli changu. Endelea.

#5 Mbishi wa Mafiati

Hii chai, tena ya Katumba haijawekwa sukari. Meli ya tani laki moja inayumbishwa na upepo? Semitrela tu ya barabara kuu ya TANZAM upepo hauigusi, sembuse meli.

#6 Dobi Mstaafu

Nimerudi. Ng'ombe mmoja amegoma leo, tuendelee.

Kapteni alitangaza saa nne. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayewasomea wageni chakula cha mchana. Upepo wa nguvu ya 10 kwenye kipimo cha mabaharia kinachoishia 12, mawimbi ya mita tisa hadi kumi na moja, tumeshuka kusini kidogo kuikwepa ila yote haikwepeki, kila mtu ashike reli anapotembea.

Kuanzia hapo meli ikawa kama nyumba ya watu wanaohama. Mabwawa ya kuogelea yakatolewa maji. Milango ya kutokea nje ikafungwa. Lifti zikasimamishwa. Kinanda kikubwa cha ukumbini kikafungwa mikanda miguu yote kama mbuzi wa mnadani. Vidirisha vya mviringo vya vyumba vya chini vikashushiwa vifuniko vya chuma. Kwenye reli za ngazi wakaning'iniza mifuko ya karatasi, kila baada ya hatua tatu mfuko, na nadhani mifuko ile iliwatisha abiria kuliko tangazo. Watu wa mezani wakalowesha vitambaa vya meza ili sahani zisiteleze. Mbinu ya zamani, inafanya kazi vizuri sana, isipokuwa hakuna anayemfikiria dobi: jioni ile ile tukaletewa vitambaa vya ukumbi mzima, vimelowa maji, mchuzi na mvinyo, juu ya kazi yetu ya kawaida.

Saa tisa alasiri ikaanza. Kwanza kichwa cha meli kinanyanyuka. Polepole. Unakuwa mzito, magoti yanataka kukunjika yenyewe kama umetwishwa gunia la viazi vya Uporoto. Kikifika juu kinasita. Halafu kinashuka, na hapo unakuwa mwepesi, tumbo linabaki juu, kama uko kwenye basi linaloshuka Kitonga dereva ana haraka ya supu ya Ruaha Mbuyuni. Halafu, puu! Kifua cha meli kinapiga maji na chuma chote kinatetemeka, mpaka meno. Watu wa Mafinga mnaijua sauti ya lori la magogo ya Sao Hill likifunguliwa mnyororo, magogo yakaporomoka yote kwa pamoja. Ni ile. Ukishamaliza kuisikia, kichwa kinaanza kunyanyuka tena. Usiku kucha na kesho yake yote.

Kuna kitu sikuwahi kuambiwa, nilikigundua siku ile. Mahali pa heri melini wakati wa dhoruba ni chini na katikati. Chukueni ule ubao wa bembea ambao watoto wanakaa huku na huku: aliyekaa katikati hapandi wala hashuki. Sasa vyumba vya gharama viko juu na mbele, vina roshani na maua. Mtu amelipa mshahara wangu wa mwaka ili alale pale, na usiku ule ndiye aliyekuwa anapepetwa kama mahindi kwenye ungo. Niliwaonea huruma. Lakini wakuu, nilicheka kidogo.

Habari za huko juu zilitufikia kwa mashuka. Toroli za kwanza kushuka zilikuwa za ghorofa za juu kabisa. Kufikia saa moja usiku zikaanza za ghorofa za kati. Bila kuona wimbi hata moja, tulikuwa tunajua dhoruba imefika ghorofa ya ngapi.

Sisi wenyewe? Walitugawia matofaa ya kijani na biskuti kavu, ndiyo dawa ya mabaharia wote. Mimi nilitafuna tangawizi. Nilitapika mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa sababu ya harufu ya mashuka, wala si bahari.

#7 Fundi Chuma

Mbishi wa Mafiati, ndugu yangu, uzito hausaidii unavyofikiri. Meli ya tani laki moja inaelea kwa sababu imesukuma maji ya tani laki moja. Maana yake bahari imeshaibeba yote mgongoni. Aliyekubeba mgongoni anashindwaje kukutikisa?

Nilisomea uhandisi wa mitambo, meli si fani yangu moja kwa moja ila kanuni ni zile zile. Nguvu ya 10 ni upepo wa kilomita 89 hadi 102 kwa saa. Sasa kumbuka TMA, wale watu wetu wa hali ya hewa, wanatoa tahadhari Bahari ya Hindi upepo ukifika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, na wavuvi wanakaa nyumbani. Halafu mtaalamu akisema "mawimbi mita kumi" hana maana kwamba hakuna linalozidi. Anachukua theluthi ya mawimbi makubwa kuliko mengine anatoa wastani. Wimbi moja moja linaweza kufika karibu mara mbili yake. Zamani mabaharia wakisimulia ukuta wa maji wa mita 25 wasomi walikuwa kama wewe, wanaita chai. Mpaka tarehe 1 Januari 1995 kifaa cha kupimia kwenye jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, kikaandika wimbi la mita 25.6. Septemba mwaka huo huo meli ya abiria Queen Elizabeth 2 ikiwa njiani kwenda New York ikakutana na Kimbunga Luis, na wimbi la kama mita 29. Kapteni wake, Ronald Warwick, alisema ni kama walikuwa wanaelekea kuigonga ile miamba myeupe ya Dover, pwani ya Uingereza. Akalielekezea kichwa cha meli, wakapita.

Mbona haipinduki? Injini, mafuta, matangi ya maji, vyote vizito vipo chini. Meli ikilala upande, ubavu uliozama zaidi unasukumwa juu na maji, inarudi. Na pembeni chini zina mapezi kama ya samaki yanayojigeuza kupunguza kulala huko, ila yanataka meli iwe na mwendo, na kwa kunyanyuka na kushuka kwa kichwa hayasaidii.

Cha kuogopa ni maji kuingia ndani. Wanaobeba ulanzi kwa bodaboda kutoka Kilolo watanielewa. Dumu likijaa mpaka kwenye mfuniko, unakata kona bila shida. Dumu nusu ndilo linakuangusha, maana ukilala kushoto na ulanzi nao unakimbilia kushoto. Maji yakitembea huru kwenye sakafu pana ya meli ndiyo mchezo huo huo.

#8 Mnyalu wa Kihesa

Fundi, mimi limewahi kuniangusha dumu nusu pale Ipogolo na sikujua ni sayansi. Nilidhani ni nusu nyingine niliyokuwa nimekunywa.

#9 Mwana wa Pangani

Mie ni mtu wa pwani, ndoa ndiyo imenileta Iringa kwenye baridi hii. Nimefurahi kuona watu wa milima mnazungumza vyombo. Ngoja niwape maneno. Kichwa cha meli mnachokisema ni omo. Nyuma ni tezi. Na huko kuyumba kwa chombo kunaitwa kwenda mrama. Huku bara kila siku nasikia "mambo yamekwenda mrama", mtu anazungumzia harusi au biashara ya mbao, hajui kwamba ametia baharini domo lake. Marehemu babu alikuwa nahodha wa jahazi, akisema chombo kimekwenda mrama hakutania.

Na kaka dobi, usione aibu kutapika, hata mabaharia wakongwe bahari huwalevya.

#10 Mla Mbasa

Mnazungumzia Atlantiki wakati tuna bahari yetu hapo chini. Nipo Matema. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 na ushee, na kuanzia Mei mpaka Agosti ule upepo wa kusini-mashariki, ng'ambo Malawi wanauita Mwera, unakuja umelikimbia ziwa lote kwa urefu. Sisi tuko ncha ya kaskazini, kwa hiyo kila wimbi lililoanza mbali huko linamalizia hasira kwetu.

Na ubaya wa upande wetu ni Milima ya Livingstone. Ukitoka Matema kwenda Lupingu mlima umeingia majini wima. Huna pa kukimbilia, hakuna ufukwe wa kuegesha chombo. Nahodha mwenye akili anakaa mbali na nchi kavu, wakati abiria wote wanamlilia asogee karibu. Nilishawahi kupanda meli kutoka Itungi, nisiitaje, tukashikwa na upepo usiku. Watu wanaita majina yote ya Mungu kwa Kinyakyusa, Kikisi na Kinyasa. Kuna mama wa Kikisi alikuwa na vyungu vyake vya kwenda kuuza. Akavitoa kwenye tenga, akakaa chini, akavipakata vitatu na viwili akavibana kwa miguu, akaegemea nguzo akiyumba na meli, inapokwenda naye anakwenda. Mpaka kunakucha hakuna kilichopasuka. Mimi nilivunja simu na saa.

Wazee wanakumbuka Vipya. Ilikuwa meli ya abiria mpya kabisa, ilizama na dhoruba tarehe 30 Julai 1946 upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wakafa watu 145. Kwa hiyo anayesema meli haiyumbi aje Matema Julai, nauli ya kutoka Kyela nitamlipia.

#11 Mbishi wa Mafiati

Sawa, nimeelewa, msinishambulie kama kuku wa kienyeji. Ila mzee hajasema kama kuna aliyekufa.

#12 Maktaba ya Mafinga

Wakati tunamsubiri mzee. Meli kubwa za abiria zenye visa vya dhoruba zipo nyingi ila mbili ziko kwa majirani zetu Afrika Kusini.

Waratah: ilikuwa meli mpya, ilitoka Durban Julai 1909 kwenda Cape Town ikiwa na watu 211. Haijaonekana mpaka leo, hata ubao. Pwani ile kuna mkondo wa Agulhas unaoshusha maji ya joto kuelekea kusini-magharibi, na upepo mkali ukivuma kutoka kusini-magharibi unagongana nao uso kwa uso. Mawimbi yanafupika na kusimama wima kama ngazi, meli inaweza kuingiza omo kwenye shimo kabla haijamaliza kupanda. Abiria mmoja, Claude Sawyer, aliteremka Durban ingawa tiketi yake ilikuwa ya kuendelea. Hakupenda jinsi meli ilivyokuwa ikilala upande na kuchelewa kurudi. Na alikuwa ameota mtu mwenye upanga wenye damu.

Ya pili Oceanos. Kabla ya jina hilo iliitwa Jean Laborde, Wafaransa waliizindua 1952 kwa safari za Madagaska na Mauritius. Agosti 1991 ilitoka East London kwenda Durban kwenye hali mbaya ya hewa. Maji yakaingia chumba cha mitambo, umeme ukakatika, kisha maji yakapanda kwa mabomba mpaka yakatokea vyooni na bafuni. Kapteni na baadhi ya maofisa waliondoka abiria wakiwa bado wamo. Waliobaki kupanga watu, kushusha boti na kuongea kwenye redio walikuwa wanamuziki wa meli, akiwamo mpiga gitaa Moss Hills. Helikopta za jeshi zikawanyanyua waliobaki mmoja mmoja. Watu 571 na wote wakaokolewa, meli ikazama tarehe 4.

#13 Mvua ya Tukuyu

Sawyer alionyeshwa. Mungu husema na watu kwa ndoto, ni wao hawasikii.

#14 Fundi Chuma

Au alikuwa mtu mwenye macho. Meli inayolala upande ikachelewa kurudi ni meli ambayo uzito wake umekaa juu sana. Ningeshuka hata mimi, na mimi siotagi.

#15 Mvua ya Tukuyu

Wewe fundi endelea na dumu lako.

#16 Mnyalu wa Kihesa

Mmeanza. Mzee njoo.

#17 Dobi Mstaafu

Nipo. Mama wa Kikisi wa Mla Mbasa angekuwa bosi mzuri wa dobi, nasema kweli.

Usiku. Kapteni alikuwa amepunguza mwendo mpaka meli inasogea kidogo tu, kiasi cha usukani kushika, omo ikiangalia mawimbi yanakotoka. Hapo hauendi popote, unasubiri. Karibu saa nane upepo ukahama. Mawimbi ya zamani yanatoka huku, mapya yanatoka kule, na moja likatukuta ubavuni.

Meli ikalala. Ikalala, ikalala, ikakaa hapo hapo. Baadaye tuliambiwa zilikuwa nyuzi 15 na kitu. Inaonekana ndogo. Chumba chetu kilikuwa na upana wa kama mita 12, na Fundi anaweza kupiga hesabu: upande mmoja wa sakafu ulikuwa juu ya mwenzake kwa mita tatu. Juu jikoni tukasikia sahani zinamwagika, si moja mbili, ni kabati zima, halafu kabati jingine. Taa zikapepesa. Mashine iliyokuwa inazunguka ikajizima na maji yake bado yamo ndani, yakawa yanagonga mlango.

Toroli moja ya mashuka mabichi ikakata mkanda. Mashuka makavu ni kitu cha kuchekesha, mashuka yaliyolowa kilo mia mbili ni mnyama. Chini ya mteremko alikuwepo kijana wa Kiindonesia, mgeni, miezi miwili kazini, amekaa sakafuni anashikilia mguu wa meza na macho ameyafumba. Anasali. Nikapiga kelele, kwa Kiswahili, maana ndicho kilichotoka: "Toka hapo mdogo wangu!" Nikakumbatia rundo la taulo, nikaruka nalo mbele ya magurudumu. Toroli ikapanda taulo, ikapinda, ikagonga nguzo badala ya mtu. Kati ya toroli na nguzo palikuwa na kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mpaka leo wenzake wanaelekea Makambako, chenyewe kinaelekea Tunduma.

Meli ikarudi. Ikapitiliza upande wa pili, ikarudi tena, ikatulia kwenye mchezo wake wa kunyanyuka na kushuka, na sikuwahi kufikiri kwamba ningeufurahia ule mchezo.

Halafu kimya. Watu kumi na mmoja kwenye chumba kile, na wote tunafanya kitu kimoja bila kuambiana: tunasikiliza honi. Kila mtu wa meli amekaririshwa, saba fupi na moja ndefu, hapo unaacha kila kitu unavaa jaketi la kuokolea unaenda kituo chako. Tukangoja ile ya kwanza fupi. Nilikuwa nahesabu pumzi. Mfilipino yule alikuwa amesimama kwenye mlango, mkono mmoja kwenye fremu, uso umeelekezwa juu kwenye kipaza sauti cha darini, na mimi nilikuwa naangalia uso wake badala ya kipaza sauti.

Honi haikulia. Akasubiri kama dakika tatu hivi. Akashuka, akafunga kidole changu kwa kipande cha foronya, akanyanyua taulo moja kutoka kwenye lile rundo nililolirusha, akaikunja. Akaiweka. Akachukua nyingine. Akasema kesho asubuhi watu elfu mbili watataka kuoga.

Tukakunja taulo mpaka saa kumi na mbili.

Hakufa mtu, Mbishi. Kuna abiria walivunjika mikono, mpishi mmoja aliungua mafuta. Kulipokucha siku iliyofuata bado ilikuwa inapiga, ikaanza kupungua usiku wake, na siku ya tatu ya dhoruba nikaruhusiwa kupanda juu kwa dakika kumi. Bahari ilikuwa na milima laini isiyo na povu, inapita tu polepole, kijivu. Kama Uporoto unavyoonekana ukiwa Isyesye asubuhi, isipokuwa inatembea. Nikarudi chini. Kulikuwa na mashuka mpaka darini.

#18 Bi Gangilonga

Nimesoma nikiwa kazini na nimelia kwenye "kesho watu watataka kuoga". Pole kwa kidole, baba.

#19 Maktaba ya Mafinga

Mzee, nyuzi 15 na mmeona hayo. Queen Mary Desemba 1942 ikiwa imebeba askari wa Marekani zaidi ya elfu kumi kuwapeleka Uingereza, ilipigwa ubavuni na wimbi ikalala nyuzi 52. Waliopiga hesabu baadaye walisema zingeongezeka kama tatu tu isingerudi.

#20 Fundi Chuma

Nyuzi 52 ni kutembea ukutani.

#21 Kijana wa Ilomba

Mzee shikamoo. Mimi habari ya dhoruba nimeielewa, ila naomba connection. Hizo kazi zinapatikanaje? Kuna jamaa ananiambia nitume laki nane aniandikie jina.

#22 Dobi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Usitume hata mia. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi, gharama hiyo ni ya mwajiri. Cha kulipia wewe ni mafunzo ya usalama ya lazima, yanatolewa Chuo cha Bahari Dar, DMI: kuzima moto, kuogelea na jaketi, huduma ya kwanza. Halafu kitabu cha baharia, pasipoti, na cheti cha afya. Mimi mara ya kwanza nililiwa hela na mtu wa aina hiyo hiyo ya jamaa yako, na alikuwa na suti nzuri.

Na ujifunze kuogelea. Kule kwetu Rungwe mito inakupeleka yenyewe, si kuogelea kule.

#23 Mwana wa Pangani

Kaka, ulirudi tena baharini baada ya hapo?

#24 Dobi Mstaafu

Dhoruba ile ilikuwa mwaka wangu wa pili, dada. Nikakaa saba zaidi. Yule kijana wa Kiindonesia naye alibaki, akaja kuwa bosi wa dobi kwenye meli nyingine. Kila Novemba ananitumia picha ya taulo iliyokunjwa, haandiki kitu.

#25 Kiazi Mviringo

Basi tuwekee hiyo picha ya taulo.

#26 Dobi Mstaafu

Umeshinda, nitamwomba mwanangu aniwekee kesho.

La mwisho nilale. Kwenye dhoruba baharia halali katikati ya kitanda, ataanguka. Anachukua jaketi lake la kuokolea analisokomeza chini ya godoro upande wa nje, godoro linainuka linakuwa kama V na ukuta, anajibana humo. Nilipostaafu nikarudi Uyole, wiki ya kwanza sikupata usingizi, kitanda kimetulia mno. Usiku wa nane nikaamka kimyakimya nikakunja blanketi, nikalisokomeza chini ya godoro upande wangu. Nikalala kama mtoto.

Asubuhi mama watoto anatandika, akaona godoro limeinuka. Akatuma mtoto dukani, akafunga mlango, akainua godoro lote. Miaka tisa ya Ulaya, akajua leo ndipo anaziona zile dola. Akakuta blanketi tu.

Hajaniamini mpaka leo. Ukipita kwangu utakuta amelichana pindo.